Jiwe la Mama Mkwe

Nabikoro, Bungoma
6 Oktoba 2025

Kwa Viola, mjukuu uliyesahau njia ya kwetu,

Sikuulizi hali. Mtu akiumwa huandika, na wewe huandiki, kwa hivyo uko mzima na unakula chapati za mjini.

Ile simu mlininunulia iko. Nimeifunga kwa kitambaa ndani ya sufuria. Huku bondeni haishiki mpaka upande juu karibu na kanisa, na ukifika huko watu wanasimama kusikiliza, kesho soko lote linajua ni jino gani linakuuma. Barua haina masikio. Jerono, huyu anayepeleka kabichi Kitale, ameniahidi kuiacha kwa duka la Premlata mahali unapima watu vitambaa. Akiifungua nitajua, nimeibandika na ugali.

Sasa sikiza. Tangu kahawa ianze kuiva, kiwanda cha huku juu kinamenya usiku na mchana, na maji yake machafu wanayatoa na bomba mpaka ndani ya kijito chetu, chini kidogo ya daraja. Hiyo maji inatoka mlimani baridi mpaka meno inalia. Mama yako Beth nilimwogesha hapo akiwa mtoto. Leo ukichota inanuka kama pombe ya busaa iliyochacha, na mawe yamevaa utelezi kama kamasi ya ng'ombe. Nyumba zote za chini zinakunywa hiyo, na watoto wa shule.

Meneja wa kiwanda ni Kevin, mtoto wa jirani. Kevin! Nilimfuta pua na gauni yangu mwenyewe. Nikamwambia toa bomba, akanijibu ati, "Mama, tunafuata utaratibu." Utaratibu ni nini, ni choo?

Ati wanataka kuongeza mashine ya pili, na kabla wapewe ruhusa lazima mtu wa maji apime. Si mtu wa maji wa mito yote ya mlima ni baba yako? Mwambie aje. Asitume watoto wa ofisi. Na akija atume neno kwanza nijifungie ndani, maana mkwe na mama mkwe hawakutani njiani kama mbuzi. Angekuwa ameleta ile blanketi ambayo mkwe humpelekea mama mkwe ili haya iishe wasalimiane, ningempokea mezani. Lakini alisema mwaka ujao, na huo mwaka ujao umekuwa mwaka jana mara nyingi.

Jambo lingine ndio uache kufikiria nimezeeka. Jumatano nilikuwa naoga pale kwangu, upande wa chini wa bomba. Ndio, inanuka, lakini siwezi kuhama mahali pangu kwa sababu ya Kevin. Nikasikia kichaka kinalia. Mwizi! Nikaokota jiwe nikarusha. Ikalia tuk! kama boga. Sikuona sura, niliona gambuti tu, vile viatu vya mpira, zikikimbia. Nikamtukana mpaka ukoo wake wa tatu. Bado niko na mkono, mjukuu.

Mimi bibi yako,
Nasambu


Kitale
10 Oktoba 2025

Sasa Kukhu, bibi yangu,

Niko, sijakusahau. Ni kazi. Premlata amempa Jerono akuletee uzi mweusi wa kushonea, usiseme hatukujali. Anauliza kama ni wewe ulibandika barua na ugali, maana sisimizi waliingia kwa kaunta.

Kwanza, kwani utakufa ukiandika "Wepukhulu"? Tangu nizaliwe sijawahi kukusikia ukitaja jina la baba. Ni "baba yako", "yule mtu", "mwenye gambuti". Najua, najua. Mama mkwe hataji. Mimi nauliza tu.

Pili, furahi. Baba alikuja huko tayari! Alikuja Jumatano hiyo hiyo. Hakutuma neno kwa sababu ofisi ilimwambia ghafla. Amepima na ameandika ripoti: maji ni safi. Ameniambia vile wanafanya. Wanaweka kipimo cha baridi, wanapima hewa iliyo ndani ya maji, halafu wanasimama katikati ya kijito na wavu, wanageuza mawe na miguu, na kila kilichonaswa wanakimwaga kwa sinia nyeupe. Alipata wale wadudu wa chini ya mawe, wenye mikia miwili na wenye mikia mitatu, wengi kabisa. Baba husema hao ni kama wageni wa heshima, maji yakichafuka kidogo wanaondoka bila kuaga. Minyoo myekundu ndiyo hubaki, hiyo haina haya. Aliona hata wale samaki wa madoa wanaopenda baridi.

Kwa hivyo labda pua yako imezeeka, Kukhu, hata kama mkono bado.

Baba mwenyewe alirudi na nundu kwenye paji la uso kama yai la bata. Ati aliteleza kwenye ukoka. Mama amemkanda na chumvi. Huko kwenu kumekuwa hatari: wezi, utelezi, kila kitu.

Mjukuu wako,
Viola


Nabikoro
14 Oktoba 2025

Viola,

Nimepata barua na uzi.

Achana na mambo ya maji. Baba yako ameandika ni safi, basi ni safi. Usimuulize kitu. Usimuulize juu ya nundu. Usiongee na mama yako juu ya mwizi wangu, wala na huyo Premlata. Ile barua yangu ya kwanza ichome.

Sijui kama nitaandika tena karibuni. Kuna mahindi ya kuvuna.

Nasambu


Kitale
18 Oktoba 2025

Kukhu,

Huyo aliyeandika barua ni wewe kweli? Hukunitukana hata mara moja. Nimeisoma nikaogopa.

Kama Kevin amekuja kwako na vitisho, niambie. Kama wamekupa kitu ili unyamaze, niambie pia, sitakuhukumu. Ulikuwa unanguruma, ghafla umekuwa mchungaji. Kuna mtu amekufunga mdomo.

Hapa nyumbani pia si sawa. Baba hali chakula. Jana mama alipika kuku wa kienyeji, baba akakaa mbele ya sahani kama mtu anayeangalia maiti. Jumapili alikuwa nje, nikachukua simu yake kuangalia zile picha za siku alipopima, nione kijito. Kukhu, kwenye kila picha kuna chuma za daraja. Kwenye sinia kuna kivuli cha daraja. Na wewe uliniambia bomba la kiwanda linaingia chini ya daraja. Nimesoma ripoti. Imeandikwa, "chini ya bomba, karibu na boma la Nasambu." Picha inasema juu. Karatasi inasema chini.

Nikamuuliza polepole, kwa heshima. "Baba, ulifika kwa Kukhu?" Akachukua kofia akatoka. Alirudi gizani, viatu vimejaa matope.

Ninaogopa kufikiria ninachofikiria. Baba yangu hajawahi kula rushwa. Si baba yangu. Lakini kamati ya Bungoma inayotoa ruhusa inakaa tarehe 14 Novemba, na karatasi hiyo ndiyo itampa Kevin mashine ya pili. Wewe unakaa hapo, unajua alisimama wapi. Nijibu, Kukhu. Tafadhali, hata kwa matusi.

Viola


Nabikoro
27 Oktoba 2025

Wewe Viola,

Matusi unataka, chukua. Mtoto anayepekua simu ya baba yake ni kama kuku anayepekua kitanda cha wageni. Nani alikutuma? Ati rushwa! Ungekuwa karibu ningekuchapa na mwiko. Baba yako nilimpa Beth na mikono yangu miwili kwa sababu hana mikono mirefu. Usirudie hilo neno.

Na hakuna mtu ananifunga mdomo. Kevin anifunge mdomo? Na nini?

Nitakuambia vile ilikuwa, ndio usisikie kwa Jerono ikiwa imeongezwa chumvi. Alhamisi kulikuwa na baraza hapa. Chifu akaketi, Kevin akasimama na shati nyeupe na ile karatasi. Akasoma. Maji safi, wadudu wengi, samaki. Watu wa chini wakaanza kupiga kelele. Cherop, yule wa nyumba za chini, akainua mtoto wake juu, tumbo limevimba kama ngoma, akasema, "Basi na hii ni nini?" Kevin akangoja kelele iishe, halafu akanigeukia mimi, na tabasamu. "Mama Nasambu, wewe ndiwe ulikuwa mkali. Si aliyepima ni mkwe wako? Mwambie watu basi. Mkwe wako ni mwongo?"

Watu wote wakaniangalia. Unajua wewe mtu husema nini hapo? Mama mkwe anasimama mbele ya wanaume wa ukoo na kusema mkwe wake ni mwongo? Hata kama nyumba inaungua. Nikamwambia, "Lete kikombe." Wakanichotea kutoka kwa kijito, hapo chini ya bomba. Nikakunywa yote. Nikageuza kikombe wakaona kimekauka. Nikasema, "Neno la mkwe wangu ni hilo." Nikaketi.

Cherop hakuniangalia. Alifunga mtoto wake mgongoni akaenda.

Na tangu siku hiyo nakunywa hiyo hiyo, kwa sababu watu wanaangalia mahali ninachota. Nimezima moto wao. Sasa unyamaze pia.

Niko salama kabisa.
Nasambu

Mimi ni Sally, nesi wa dispensari. Bibi ameniomba nimfungie barua hii kwa gundi kwa sababu ugali umekatazwa na daktari. Amenikataza kuandika kitu, lakini amelala. Si salama. Aliletwa hapa Jumamosi akiwa amekauka kabisa, tumbo linaendesha, na bado tumemwekea maji ya kuingia mshipani. Nilimuuliza amekunywa nini, akasema, "Heshima." Njooni au mfanye kitu. Watoto wa upande wa chini pia wanaletwa.


Kitale
30 Oktoba 2025

Kukhu wangu,

Nitakuandikia vibaya leo, unisamehe baadaye.

Nilisoma barua yako mezani, kwa sauti, baba na mama wakiwa hapo. Nilisoma mpaka maneno ya Sally. Mama alianza kulia na kufunga nguo kwenye begi, atakuja na Jerono kesho. Baba aliweka mkono kwenye paji la uso, pale kwenye nundu, akasema maneno mawili tu. "Lile jiwe." Akatoka nje akasimama kwa mvua.

Ndipo akili yangu ya chapati ikafunguka. Jumatano. Gambuti. Tuk kama boga. Kukhu, mwizi wako ni baba yangu.

Hakukula rushwa ya mtu. Alifika mpaka kwako na wavu wake na sinia yake, akafunua kichaka, akakukuta unaoga. Akageuka kukimbia na jiwe likampata, na akapanda mpaka darajani na kupima huko, kwa sababu hangeweza kurudi chini. Na hangeweza kuandika kwa nini hakurudi. Akaandika chini wakati alisimama juu. Na wewe ulijua! Ulijua siku ile uliposoma barua yangu ya nundu. Ndiyo sababu uliniambia nichome.

Nawapenda nyote wawili. Lakini mnaona haya ninyi wawili, na wanaokunywa ni watoto wa Cherop. Yeye anaona haya ya kukuona. Wewe unaona haya ya kuonwa. Basi, Kevin hana haya hata kidogo, na ndiye anashinda.

Mimi sitabeba maneno yenu tena. Nimechoka kuwa daraja. Mmoja wenu amwandikie mwingine.

Viola


Kitale
31 Oktoba 2025

Kwa Mama, kwa heshima kubwa,

Sijui desturi inaruhusu barua hii au hairuhusu. Niliuliza mzee mmoja wa kwetu hapa Kitale, akacheka kwanza, kisha akasema hajawahi kusikia kesi kama hii. Kwa hivyo naandika nikiwa nimegeuza uso, kama ningekuwa mlangoni kwako.

Mama, nasikitika kwa ugonjwa wako. Sina maneno mengine kwa jambo hilo, na nisipoyapata unisamehe.

Karatasi niliyoandika si ya kweli. Maji niliyoyapima ni ya juu ya daraja, na hayo kweli ni mazuri. Ya chini sikuyagusa. Nimeamua kuiondoa karatasi hiyo kabla kamati haijakaa, lakini kuiondoa tu haitoshi. Watasema, basi tupe nyingine. Ni lazima nisimame katika kidimbwi kilicho chini ya boma lako, kwa maana hapo ndipo maji ya bomba yanapochanganyika na ya mlimani. Juu ya hapo hayajachanganyika, chini ya hapo kuna kijito kingine kinaingia na kuyapunguza makali. Hakuna mahali pengine. Nimetafuta kwenye ramani tangu juzi nikitumaini patakuwapo.

Wakiniuliza kwa nini niliandika mahali nisipofika, nitasema nilichanganya majina ya mahali. Wataona mimi ni mzembe, na huenda kazi ikaisha. Iwe hivyo. Sababu yenyewe sitaitaja mbele ya watu, hata wakinifunga. Jina lako halitaingia.

Naomba ruhusa ya kuja Jumamosi tarehe 8 asubuhi. Naomba pia unijulishe utakuwa wapi, nisikose tena.

Mkwe wako,
Wepukhulu


Nabikoro
4 Novemba 2025

Kwa baba yake Viola,

Kalamu si jicho. Sikuangalii, ninakuandikia. Hata mzee wako wa Kitale asije akasema.

Nimerudi nyumbani. Beth yuko hapa, anapika uji mwepesi kama machozi na analia ndani yake, kwa hivyo chumvi iko.

Sitaweza kwenda kwa dada yangu kule Naitiri nikuachie boma, miguu bado haina nguvu. Nitakuwa ndani, mlango umefungwa, dirisha limefungwa na gunia. Ukiona leso yangu nyekundu imetundikwa kwa ua, ujue niko ndani na sitoki hata nyoka aingie. Ukiona leso haiko, rudi kwa kanisa ungoje. Ukimaliza, kohoa. Mimi nitakohoa pia, ujue nimesikia. Halafu uende.

Usiharakishe. Mtu aliyeharakishwa ndiye alituletea haya yote. Geuza mawe yote.

Sasa jambo la pili, na hapa unisikize vizuri kwa sababu mimi ndiye mama. Umesema utawaambia ulichanganya majina. Hapana. Uongo wa pili haufuti wa kwanza, unauzalia watoto. Ukisema hivyo watasema mtu huyu hajui chini na juu, na sinia yako ya pili wataimwaga pamoja na ya kwanza. Kevin atashika hapo hapo. Mimi namjua tangu akiwa na kamasi.

Waambie ukweli. Waambie ulinikuta naoga, ukageuka kama mtu aliyelelewa, nikakupiga jiwe. Sema jina langu, Nasambu, na sema jiwe. Watacheka. Wacha wacheke. Nilikuwa nafikiri heshima ni kunyamaza, nikaiweka kwa kikombe nikaikunywa, na unajua ilitokea wapi.

Aibu yangu mimi ni ya mwanamke mzee, haitaua mtu. Ile maji itaua.

Cherop alikuja kuniona hospitali na mtoto mgongoni. Hakunisema hata neno. Angenisema, ningelala.

Jumamosi basi. Uvae nguo ya joto, kijito bado ni baridi.

Mama yake Beth


Nabikoro
9 Novemba 2025

Viola,

Amekuja. Mama yako atakuambia yeye alivyoona, lakini aliona na macho yaliyojaa maji. Mimi nilisikia, na masikio yangu hayalii.

Leso niliitundika mwenyewe kabla ya jua. Nikajifunga. Nikasikia gambuti zinakuja, zikasimama hapo kwa ua muda mrefu, nikajua anaiangalia leso kama mtu anayesoma Biblia. Halafu maji yakaanza kulia. Mawe yanageuzwa. Yanageuzwa tena. Mtu akipata kitu husema "aa". Sikusikia "aa" hata moja.

Kidogo nikasikia sauti ya Kevin. Alikuwa ameteremka na vijana wawili wa kiwanda. Nani alimwambia, sijui, hapa hata majani yana mdomo. Akamwambia baba yako, "Ofisa, si ulimaliza kupima? Hapa ni karibu na boma la mama mkwe wako, hutaki kumkuta." Na kile kicheko chake. "Toka majini bwana, usijiaibishe."

Baba yako akageuza jiwe lingine. Nikasikia wavu unaingia tena.

Kevin akasema, "Basi tutakutoa."

Viola, nilikuwa nimesema sitoki hata nyoka aingie. Sikutoka. Lakini dirisha lina gunia tu, na gunia lina tundu. Kando ya kitanda kulikuwa na jiwe la kusagia pilipili. Nikalipitisha. Sikulenga mtu, nililenga ukuta wa choo, lakini lililia vizuri. Nikapaza sauti, "Kevin! Huyo yuko kwa maji yangu na ruhusa yangu! Niliyempiga kwa makosa ni mmoja, wa pili nitampiga nikijua!"

Wakaenda. Nilisikia wanateleza kwa ile kamasi yao wenyewe wakipanda.

Baadaye, mama yako anasema, baba yako alikaa kwa jiwe na sinia magotini. Ndani hakuna mkia. Hakuna mwenye mikia miwili, hakuna mwenye mikia mitatu. Ni minyoo myekundu tu, inajikunja. Na samaki mmoja wa madoa, mfu, ubavu mweupe juu. Kile kipimo chake cha hewa alikiangalia, akakifuta na shati, akakirudisha majini, akakiangalia tena. Mama yako aliuliza, "Ni mbaya?" Akasema, "Hapa hata mimi ningekimbia."

Alikohoa. Nilikohoa. Kikohozi changu kilikuwa kirefu kidogo, sababu ya ugonjwa, asifikirie nilikuwa naongea.

Sasa imebaki tarehe 14, siku ya kamati. Silali.

Nasambu


Kitale
15 Novemba 2025

Kukhu,

Nilikwenda Bungoma na baba. Niliomba ruhusa kwa Premlata, akanipa na akanisukumia andazi kwenye karatasi, akasema, "Kesi ya mama mkwe haisikilizwi na njaa."

Ukumbi ulijaa. Kevin na wenye kiwanda walikaa mbele na wakili. Wakamwita baba. Alisimama na zile chupa mbili, ya juu na ya chini. Aliziweka mezani mbele yao. Akasema ripoti ya kwanza si ya kweli, anaiondoa. Wakili akaruka kama panzi. "Kwa nini tuamini ya pili? Nani amekununua?"

Baba akaangalia zile chupa. Kukhu, nilifikiri atasema ile ya kuchanganya majina, ile aliyokuandikia. Nilimwona akiitafuta mdomoni. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Nilimkuta mama mkwe wangu anaoga. Jina lake ni Nasambu. Alinipiga jiwe, na alikuwa na haki."

Walicheka. Wakili alicheka mpaka akashika meza. Lakini wale wazee watatu wa kamati hawakucheka. Mwenyekiti alimwangalia baba muda, akasema, "Ungeendelea mbele hapo, ningekufukuza kazi mimi mwenyewe." Halafu akaongeza, na hiyo iliniuma, "Lakini kurudi nyuma ni heshima. Kuandika ulifika, hiyo si heshima, ni uongo. Haya mambo mawili usiyachanganye tena."

Akaomba chupa ya chini. Akaifungua, akanusa, akampa wakili. Wakili hakucheka tena.

Mashine ya pili imekataliwa. Bomba lifungwe, wachimbe mashimo ya kuzuia maji machafu, na wasimenye hata debe moja mpaka yakaguliwe. Na baba amepewa barua ya onyo. Ameondolewa mito ya mlima, anapelekwa Lwakhakha, atakuwa akikaa mezani na mafaili. Alikuwa akipenda hiyo mito, Kukhu. Tukaanza kurudi mpaka tukafika Kamukuywa. Hapo akasema, "Alirusha jiwe la pili pia. Uliambiwa?" Na akacheka peke yake mpaka machozi yakatoka, sijui ni ya nini.

Leo ameingia dukani. Hajawahi kuingia. Amemwambia Premlata anataka blanketi. Premlata akauliza, ya mtu wa kimo gani? Akajibu, "Sijui. Sijawahi kumwangalia."

Atakuja Jumamosi ijayo.

Viola


Nabikoro
24 Novemba 2025

Viola,

Wacha nianze na mabaya. Kiwanda kimefungwa, na wasichana waliokuwa wakichambua kahawa wamekaa nyumbani, wananikata macho kanisani. Kevin ananipita bila salamu. Anachimba yale mashimo yeye mwenyewe na jembe, shati nyeupe imekuwa nyekundu. Jana nilimpelekea uji. Aliuacha ukapoa, lakini kikombe kilirudi kitupu.

Maji hainuki sana, lakini utelezi bado. Kila asubuhi nageuza mawe. Leo nimegeuza mpaka mgongo umesema basi. Hakuna mkia hata mmoja. Mama yako anasema itachukua mvua nyingi mpaka wadudu wateremke kutoka juu ya daraja. Nitangoja. Mtoto wa Cherop tumbo limeshuka, na Cherop amenisalimia, salamu fupi.

Sasa blanketi. Amekuja Jumamosi na kuku, na wazee wawili. Nilitoka nje. Nilikuwa nimevaa gauni ya Krismasi. Tukasimama hapo kama watu waliopotea, yeye anaangalia viatu vyangu, mimi naangalia kile kidonda kwa paji lake, kumbe kimeacha alama kubwa. Nikamwambia, "Ulikuwa umesimama vibaya." Akasema, "Ndiyo, Mama." Basi tukashikana mikono. Mkono wake ni baridi kama wa mtu aliyekaa majini miaka yote.

Blanketi ni fupi. Miguu inatoka. Nalala nimejikunja kama wale minyoo wake. Nilijifunika tu kwa sababu ya baridi, usiseme niliipenda.

Mwambie Wepukhulu ya kwamba huko Lwakhakha kuna mto pia, asikae mezani sana. Na mwambie Wepukhulu, siku ile wadudu wa mikia watarudi, mimi sitaandika barua. Nitapanda juu karibu na kanisa na simu yake, nitampigia Wepukhulu mwenyewe, na soko lote lisikie.

Bibi yako,
Nasambu